Kamera ya kupigia ndege wa uani hapa Dodoma: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Kabla hujauliza bei ya kamera yoyote, chukua futi kamba upime kutoka kwenye kiti chako cha barazani mpaka pale ndege wanapotua. Kwangu Miyuji ni mita 4. Karai la maji liko chini ya mwarobaini, na kando yake nimechomeka tawi kavu la mgunga ili ndege atue hapo kwanza ndipo ashuke kunywa.

Kipimo hicho nilichelewa kukichukua. Nilianza kama wengi tunavyoanza, kwa kuuliza "inavuta mpaka wapi?", nikanunua zumu kubwa, na Oktoba nzima picha za ndege wa mti wa jirani zikawa zinatoka kama nimepigia nyuma ya moshi. Nikaamini lenzi ni mbovu. Siku moja nikawahi saa moja asubuhi, nikampiga kwenzi juu ya mti ule ule, nikaweza kuhesabu manyoya ya shingo yake. Kumbe tatizo ni hewa: ardhi yetu ikishashika jua, joto linapanda na hewa inatetemeka, na kadiri unavyovuta kutoka mbali ndivyo unavyoukusanya mtetemo wote huo kwenye picha. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Msogeze ndege karibu, na uamke mapema.

Jambo la pili ni majira. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Kiangazi mwanga ni wa kumwaga na maji ni adimu, hivyo karai linajaa tetere, shorewanda na mishigi, na kamera hafifu nayo inaonekana hodari. Mvua zikinyesha madimbwi yako kila mahali na karai linasahaulika, lakini huo ndio wakati madume wanavaa: kwera anakuwa wa njano na kuanza kusuka kiota, kweche anawaka mwekundu kwenye majani ya viwanja visivyojengwa, fumbwe anaota mkia mrefu kuliko mwili wake. Na juu kuna mawingu. Mavazi mazuri kuliko yote ya mwaka yanakuja na mwanga mdogo kuliko wote wa mwaka, na hapo ndipo ninapozipimia kamera zote.

Ya kwanza: Canon iliyotumika (70D, 80D au 7D Mark II) na lenzi ya EF-S 55-250 STM. Hii ndiyo ningemnunulia mdogo wangu. Lenzi ina gramu 375 tu na inashika fokasi kuanzia sentimita 85. Kwa milimita 250, yaani ikivutwa mpaka mwisho, ukiwa mita 4 kutoka kwenye tawi, picha inabeba upana wa sentimita 36 hivi. Kwera wa sentimita 15 anachukua karibu nusu yake. Unahitaji nini zaidi? Kihisi chake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni kikubwa, kwa hiyo siku ya mawingu unaweza kupandisha ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) hadi 3200 na rangi ya njano ikabaki njano. 70D na 80D zinapiga picha 7 kwa sekunde, 7D Mark II inapiga 10.

Wapenzi wa Nikon, D5600 na lenzi ya AF-P 70-300 inafaa sawasawa. Lakini sikilizeni: lenzi za AF-P hazishiki fokasi kwenye D3100, D3200, D5100 wala D7000. Muuzaji anaweza kukuuzia vyote viwili kwa nia njema kabisa, ukafika nyumbani lenzi imekaa kimya.

Ubaya wa kundi hili ni vumbi. Juni hadi Septemba upepo wa hapa haupumziki, na ukifungua lenzi nje umeingiza mchanga ndani. Ivalishe lenzi hiyo moja na usiivue.

Ya pili: Canon R10 au R50 na RF 100-400. Kwa uwezo, hii inaishinda ya kwanza. Inalitambua jicho la ndege na kulifuata, na lenzi ina gramu 635 tu. Nimeishusha kwa sababu mbili: bei, na tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Kwenye milimita 400 ni f/8, yaani tundu dogo, na chini ya mti saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Februari utaona giza. Kama fedha ipo, nunua bila wasiwasi.

Ya tatu: Nikon P950. Inavuta mara 83, haibadilishwi lenzi, kwa hiyo vumbi halina mlango rahisi. Inamfaa mwenye ua mkubwa, au anayependa kwenda bwawa la Hombolo. Kwa uani inakwaza: ukivuta mpaka mwisho haishiki kitu kilicho karibu zaidi ya mita 5 hivi, na kihisi chake kidogo kinazalisha chengachenga mara wingu likipita. Chozi akiwa kwenye ua, mpaka iamue ameshaondoka.

Ya nne: lenzi za milimita 150-600. Ya Sigma, aina ya Contemporary, ina uzito wa gramu 1,930. Ni chombo kizuri cha porini. Hapa mjini utakuwa umeelekeza bomba juu ya ukuta wa mtu, na huu ni mji wa Serikali. Ukiinunua, waeleze majirani na mjumbe mapema.

Ya tano: simu kwenye jicho la darubini. Ni ya kutambulia ndege, nayo ina heshima yake.

Mengi ya haya utayapata Kariakoo, na kwa treni ya SGR unakwenda asubuhi na kurudi jioni. Nenda mwenyewe. Kamera nyingi zilizotumika zimeishi Pwani, na unyevu wa kule unaotesha ukungu ndani ya lenzi: mulika tochi ya simu kutoka nyuma, ukiona nyuzi kama za buibui, rudisha mezani. Piga ukuta mweupe kwa f/16, tundu likiwa dogo, uangalie madoa ya vumbi kwenye kihisi. Uliza imeshapiga picha ngapi. 7D Mark II ilitengenezwa kuhimili kama 200,000. Kisha toka nje ya duka na kamera hiyo, mtafute kunguru yeyote kwenye waya, umpige akiruka. Picha tatu kati ya kumi zikiwa na jicho kali, lipa.