Nimetumia simenti ya kujisawazisha kwenye sakafu ya mabonde, uzoefu wangu

Ile simenti ya unga unayochanganya na maji ukaimimina ikatambaa yenyewe, nimeitumia sebuleni na chumba kimoja cha kulala kabla ya kuweka vinaili (ile sakafu ya plastiki ya kubandika), na aisee inafanya kazi. Ila ile picha ya kwenye mfuko, jamaa anamimina ndoo moja huku anatabasamu, sahau.

Kazi yenyewe iko kabla hujafungua mfuko. Tulichukua rula ya aluminiamu ya mita 2 tukaipitisha sakafu nzima, kila panapopenya mwanga chini ya rula unazungushia penseli na kina chake unaandika hapohapo sakafuni. Vinaili na laminati nyingi (zile mbao za kiwandani za kupachikana) zinataka tofauti isizidi kama milimita 3 kwenye mita 2, sisi karibu na mlango kidole kilikuwa kinaingia chini ya rula bila shida. Usipopima hivyo hata mifuko hujui ununue mingapi, maana inakula kama kilo 1.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita moja ya unene, yani chumba cha mita za mraba 12 ukiweka wastani wa milimita 5 ni kilo 100 na ushee, mifuko 4 ya kilo 25 haitoshi, chukua 5.

Praima, ile ya kupaka sakafuni kabla ya kumimina, usiiruke jamani. Zege kavu linanyonya maji ya mchanganyiko haraka halafu hewa inapanda juu, na pale kona ya nyuma ya mlango ambapo fundi alipaka kijuujuu ndo palepale vikatokea vitundu vidogo vidogo kama vya sindano, kwingine kote safi. Nyufa na matundu ya mabomba nayo zibeni kwanza, huu uji ni mwepesi, ukipata upenyo unashuka kwa jirani wa chini.

Kingine ni maji. Fundi wangu mzuri tu lakini mkono wake unapenda kuongeza "kidogo itembee", nikakaa na jagi la vipimo pembeni ya ndoo mpaka mwisho. Maji yakizidi, chembe nzito zinazama chini na juu linabaki tabaka laini, ukisugua na kiganja unatoka na vumbi jeupe, sasa gundi ya vinaili itashika nini hapo? Na muda hausubiri, una kama dakika 15 hadi 20 ndoo ianze kukaza, kwahiyo mmoja achanganye kwa drili, mmoja amimine, mwingine apitishe rola ya miiba kutoa hewa. Ukiwa peke yako na chumba kikubwa utapata viungio vinaonekana.

Nisichopenda ni kwamba kwa bonde lenye kina kirefu ni hasara tupu, na kila aina ina kikomo cha unene wake. Lile la mlangoni tulilijaza kwanza kwa mchanga na simenti ya kawaida, likakauka vizuri, ndo hii ikapita juu. Bafuni usithubutu, itakuulia mteremko wa kwenda kwenye tundu la maji. Na milango pimeni mapema maana sakafu inapanda, wetu umerandwa chini.

Kukanyaga ilikuwa jioni ileile, lakini vinaili tulisubiri unyevu uishe kama mfuko unavyoelekeza, fundi alikuwa anataka kubandika kesho yake tukagombana kidogo. Baada ya hapo nikagonga kila sehemu kwa mpini wa mwiko, hamna iliyolia kama ina uwazi chini, na rula ikalala bila mwanga kupenya isipokuwa ile kona, ambayo tuliipiga msasa na kuipaka kidogo tena.

Nyota 4 kati ya 5. Chini ya vinaili au laminati naitumia tena, ila kama unaweka vigae vidogo na sakafu haijapinda sana, fundi anayejua kazi anamaliza hayo mabonde kwa gundi ya vigae tu.