Rivyu: kutafuta risachi ya bure ukiwa Malindi, fani kwa fani

Pale saiba kila wiki lazima aje mtu, "hebu nitafutie peipa za projekti yangu", na ukimwambia tafuta mwenyewe aandika swali kwenye Google ya kawaida, achukua kilichotokea juu, aprinti, ametoka. Sasa wacha niwape rivyu ya hizi tovuti, manake kila fani ina mahali pake inapoweka kazi zake na kila fani ina tabia yake ya pesa, wengine watoa bure bilashi, wengine hata ukurasa mmoja hawakuonyeshi.

Google Scholar wengi mwaijua, iko tangu 2004, haitaki kujisajili na inashika fani zote. Naipa nyota nne. Ila jueni inavyopanga, peipa iliyotajwa sana na watafiti wengine ndo inakaa juu, kwa hivo ukitafuta habari za pesa za simu unaanza kupewa za miaka mingi nyuma, ya mwaka jana imezama huko ndani. Chagua mwaka pale pembeni. Alafu chini ya kila peipa kuna sehemu ya kufungua nakala zake zote zilizo mtandaoni, watu hawaigusi kabisa na pale ndo penye kazi, nakala ya kwanza yaweza kuwa ya kulipia na nyengine iko kwenye tovuti ya chuo cha mwandishi, yashuka bila senti.

Kwa sheria lakini hiyo Scholar haikufai sana, kesi ilizopanga mule ni za mahakama za Marekani. Nyinyi nendeni Kenya Law, tovuti ya hukumu za mahakama zetu. Nyota tano, wallahi, na siwapi watu nyota tano ovyo. Mawakili wetu tunavyowajua kwa bei zao, kumbe hukumu zenyewe ziko wazi kwa yeyote mwenye bando. Kesi ya bandari ya Lamu, ya Mohamed Ali Baadi na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliyoamuliwa Mahakama Kuu hapahapa Malindi Aprili 2018, iko mule yote. Utasoma hoja za wavuvi, utasoma habari ya wananchi kutoshirikishwa, mpaka ufike pale mahakama iliposema wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mimi nawaambia hata wasiosoma sheria waishushe, manake mle ndani muna mikoko na samaki, muna uchimbaji wa bahari ili meli kubwa zipite, muna utamaduni wa watu wa Amu, yaani Lamu, na muna hesabu ya hasara, yaani sayansi, uhandisi, sheria na biashara zimekalishwa mezani pamoja na kila moja inaulizwa maswali. Ukimaliza hiyo tafuta na uamuzi wa Juni 2019 wa ile tribunali ya mazingira iliyofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Lamu. Jambo moja la kushika, hukumu hukatiwa rufaa, kwa hivo kabla hujaiweka kwenye projekti andika jina lilelile uone kama Mahakama ya Rufaa imesema chochote. Na tafadhali msiprinti hukumu nzima, ni kurasa tele, mtalia na bei alafu mniletee mimi lawama.

Sayansi nayo inategemea ni sayansi gani. Watu wa fizikia na hesabu ni wakarimu ajabu, wana arXiv, ghala lao la peipa mtandaoni, aliyoianzisha Paul Ginsparg 1991, na desturi yao ni kuweka peipa pale hata kabla jarida halijaipitisha. Uzuri unaipata mapema, ubaya ni kwamba hakuna mtaalamu mwenzake aliyeikagua, kwa hivo angalia kama baadae ilitoka kwenye jarida. Za zamani za mambo ya anga ziko kwenye ADS ya NASA, wamezipiga skani na kuziweka. Mule tafuta Uhuru, ile setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni, ya kwanza duniani kutumwa kutazama eksirei za angani tu. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei angani, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi ile alipewa Nobel 2002. Kuna vijana wamezaliwa Malindi na hawajui hayo. Za afya ni PubMed Central, malaria ya Kilifi imejaa mule. Za bahari na uvuvi jaribu AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, ina jarida la sayansi ya bahari la huku kwetu Bahari ya Hindi magharibi, ingawa majarida mengine ya mule ni ya kulipia.

Uhandisi nyota mbili, na hizo ni za huruma. IEEE Xplore ina mali nyingi sana ya umeme na kompyuta, lakini muhtasari ndo bure, peipa kamili mara nyingi ni pesa, na ni pesa ya dola. Dawa yake ni Google Patents. Mtu akitaka hataza, yaani patent, lazima aeleze kifaa chake kinavyofanya kazi na mara nyingi na michoro juu, kwa hivo kijana anaetaka kutengeneza mtambo wa jua wa kutoa chumvi kwenye maji ya kisima atapata michoro ya kutosha, ati na zile zilizopita miaka 20 tangu ziombwe kawaida ulinzi wake umekwisha. Ila lugha yao ni ya kuchosha, sentensi moja nusu ukurasa.

Biashara ni SSRN, iko tangu 1994, wachumi wanaweka rasimu zao mule. Nyota tatu. Rasimu hubadilika, namba uliyonukuu leo yaweza kuwa nyengine jarida likitoka. Kama ile kazi ya Tavneet Suri na William Jack kuhusu M-Pesa, chukueni ya jarida la Science la 2016, ndo inayosema familia 194,000 zilitoka kwenye ufukara.

Na ukikwama kote weka Unpaywall kwenye brauza ya kompyuta, inakutafutia nakala halali ya bure. Ikikosa, muandikie mwandishi imeili, mistari mitatu yatosha, jina lako, chuo, na peipa unayotaka. Wengi hufurahi kuombwa. Msimuombe awaandikie projekti.