Eight Ball Deluxe ya 1981: pool isiyo na fimbo, uzoefu wangu

Wadau wa pool leo nawaletea mashine ambayo haina fimbo, haina kitambaa cha kijani wala hayo mambo ya kugombania chaki, ila ukishaionja tu utabaki umesimama hapo hapo mpaka wenzio waanze kukuvuta shati.

Inaitwa Eight Ball Deluxe, ni pinball, lile kabati la mbao la miguu minne lenye kioo juu na mpira wa chuma unazunguka ndani. Bally wa Chicago waliitoa 1981, na aliyeibuni ni George Christian, huyo huyo wa Eight Ball ya kwanza ya 1977 ambayo iliuza mashine zaidi ya 20,000, na kwa pinball hiyo sio namba ya mchezo. Mimi nimeikuta huku Illinois kwenye jumba moja la magemu ya zamani, unalipa mlangoni basi, ukishaingia unacheza mpaka uchoke mwenyewe, hakuna habari ya kutafuta sarafu.

Sasa pool iko wapi humo? Iko hivi, upande wa kulia kuna vibao saba vimepangwa mstari, kila kimoja ni mpira wako mmoja, ukikigonga kinazama chini ndo umeshatumbukiza. Mchezaji wa kwanza na wa tatu wanapewa rangi nzima, 1 mpaka 7, wa pili na wa nne wanapewa za mistari, 9 mpaka 15, halafu ukimaliza zako saba ndo unaruhusiwa kwenda kuitafuta 8. Yaani sheria zile zile tunazogombana nazo baa. Na mashine inaongea bana! Lisauti zito la kicowboy linakuamuru uache maneno uanze kupaka chaki, shemeji yangu alicheka mpaka mpira wake ukamponyoka katikati ukapotea.

Kilichonishika mimi ni mikono. Ubavuni kuna vitufe viwili vya kuchezesha flipa, vile vibawa vya kupigia mpira, na mbele kulia kuna fimbo ya springi ya kurushia, unaivuta unaiachia, nguvu ni yako mwenyewe. Mpira ni chuma, una kama gramu 80 hivi, kwa hiyo ukiupiga unasikia kishindo mpaka kwenye viganja. Mimi nimecheza sana pool ya kwenye simu, unaburuza kidole kwenye kioo na kamstari kanakuonyesha kabisa mpira utaelekea wapi, hapa hakuna mstari. Ukitaka vibao vya chini kabisa inabidi uache mpira uteleze kwenye flipa ya kushoto ukaribie ncha ndo ubonyeze, ukiwahi kidogo tu unapita juu yao, na ukiuchelewesha zaidi haupo tena. Muda wangu wote uliishia kwenye hilo tu, kukipata kibao cha mwisho kilichobaki peke yake. Vikiwa saba utapiga hovyo na utapata tu, kikibaki kimoja ndo utajua kama unajua, na hapo ndo ni pool kweli kweli maana hata mezani mpira wa mwisho ndo unaotoa jasho.

Kuisukuma meza inaruhusiwa, na ukiwaangalia wazoefu wanacheza na kiuno kabisa, mpira unaelekea pembeni kwenye njia ya kupotelea wanaigonga kidogo na kiganja unarudi. Ila usijifanye mbabe, ndani kuna kichuma kinaning'inia katikati ya ringi, kikigusa tu basi, flipa zinakufa zote na wewe unasindikiza mpira kwa macho. Mimi na mwili huu nilizimiwa sana aisee.

Malalamiko yangu sio kwa mchezo, ni kwa matunzo. Ile flipa ya tatu iliyoko juu kulia ilikuwa imechoka, mpira unapanda nusu ya safari unarudi, sasa shabaha za kushoto utazipataje? Nikamwambia kijana wa pale akasema itaangaliwa, nimerudi siku nyingine iko vile vile. Taa nazo kadhaa hazikuwaka, na mchezo huu ukikosa taa hujui uwinde nini. Hii kitu ina miaka zaidi ya 40, inataka mtu wa kuifungua na kubadilisha vipuri vya flipa mara kwa mara, sio kupangusa kioo tu.

Kama mko wawili au wanne nendeni, tena siku ya kazi mapema ili msipange foleni nyuma ya watoto. Ukiwa peke yako nayo ni nzuri, ila bila mtu wa kumzomea utamu unapungua nusu.

Shemeji sasa ameshikwa, anataka tuchangishane tununue moja tuweke gereji. Nimemwambia akiipata asianze na kuicheza, aombe ifunguliwe kwanza aone ile bodi ya kompyuta, maana Bally za miaka ile zina betri imechomelewa pale pale kwenye bodi, ikivuja inakula njia za shaba zote. Akiona ukijani ukijani pale, apunguziwe bei au aondoke. Na dada nani atamwambia gari linalala nje, mimi simo.