Mita ya DT-830D na testa ya balbu: uzoefu wangu wa kusaka hitilafu za redio na taa za ndani ya gari

Redio inayosahau stesheni kila gari likizimwa, na taa ya dari isiyowaka mlango ukifunguliwa, watu wengi huzipeleka kwa fundi kama matatizo mawili. Kwenye Toyota nyingi zinazoletwa kutoka Japani zikiwa zimeshatumika, mara nyingi tatizo ni moja: fyuzi iliyoandikwa DOME. Fyuzi hiyo hulisha taa za ndani na saa, na kwa magari mengi hulisha pia kumbukumbu ya redio. Ikiungua, redio ama inakufa kabisa ama inawaka ikiwa imesahau kila kitu, kutegemea inavuta nguvu yake kuu kwenye waya upi. Kabla hujaambiwa ununue redio nyingine, hapo ndipo pa kuanzia, na vifaa vinavyohitajika ni viwili tu.

Kimoja ni mita ndogo ya DT-830D, ile ya njano inayouzwa karibu kila duka la vifaa vya umeme. Cha pili ni testa ya balbu ya volti 12: ina ncha kali kama bisibisi, balbu ndani ya mpini, na waya wenye klipu ya kubana kwenye bodi. Nikivipima pamoja naipa seti hii nyota nne kati ya tano. Mita peke yake naipa mbili na nusu.

Mita ya aina hii ikipima volti haivuti mkondo wowote wa maana. Waya uliokatika nyuzi zake zote ukabaki na moja utaonyesha volti 12.5 safi kabisa, nawe utaapa kwamba umeme unafika. Ukiwasha redio na kupandisha sauti, ule uzi mmoja hauwezi kupitisha ampea kadhaa, volti zinaanguka, redio inazima. Testa yenye balbu ya wati 5 inavuta kama ampea 0.4. Si nyingi, lakini mara nyingi zinatosha kufichua waya au kiungio kibovu: balbu inawaka kwa unyonge, au inagoma kabisa pale ambapo mita ilisema mambo ni mazuri. Kwa hiyo testa inakwambia kama umeme una nguvu, na mita inakwambia ni kiasi gani. Kwa sababu hiyohiyo usinunue testa ya LED kwa kazi hii. LED inawaka kwa mkondo mdogo mno na itakudanganya sawasawa na mita.

Kazi yoyote ianze kwenye betri. Weka mita kwenye 20 upande wa volti za DC, waya mweusi kwenye COM, mwekundu kwenye tundu la volti. Gari likiwa limelala kwa saa kadhaa, 12.6 maana yake betri imejaa, 12.2 ni kama nusu, na ikikaribia 12.0 usiendelee kutafuta mchawi kwenye redio, chaji betri kwanza. Injini ikiwaka unatakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.4. Redio nyingi za kisasa hujizima zenyewe volti zikishuka, na taa za ndani zinazofifia injini ikiwa kwenye sailensa (mzunguko wa chini, bila kukanyaga mafuta) ni dalili ya alteneta inayochaji betri, mkanda au terminali zilizolegea, si ya taa.

Kisha fyuzi. Usizing'oe kwanza. Bana klipu ya testa kwenye chuma cha bodi kisicho na rangi, gusa chanya ya betri kwa ncha yake uhakikishe inawaka, halafu washa funguo mpaka ACC, hatua ya redio kabla ya injini. Juu ya kila fyuzi kuna vitobo viwili vyenye chuma ndani. Gusa kimoja, gusa cha pili. Vyote vikiwasha balbu, fyuzi ni nzima. Kikiwasha kimoja tu, imeungua. Visipowasha vyote viwili kwenye fyuzi inayopaswa kuwa na umeme wakati huo (nyingine husubiri funguo ifike ON au taa ziwashwe), umeme haujafika kwenye fyuzi hiyo na tatizo liko nyuma yake. Njia hii ni ya haraka kuliko kuchomoa moja moja na kuangalia kwa macho, tena nyufa nyembamba za fyuzi hazionekani kwa macho. DOME mara nyingi iko kwenye boksi la chini ya boneti, lakini kuna magari iko chini ya dashibodi upande wa dereva, hivyo soma kifuniko. Tazama pia TAIL: kwenye baadhi ya magari hiyo hulisha taa ndogo za nje na mwanga wa dashibodi pamoja na vitufe vya redio. Vitufe vikiwa giza usiku na taa ya namba ya gari nayo haiwaki, umeshapata jibu.

Rudishia ampea zilezile: kahawia ni 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20. Fyuzi ya 10 ikiungua mara mbili, kuweka ya 20 ni kuugeuza waya kuwa fyuzi, na waya huo umepita chini ya kapeti na nyuma ya plastiki. Fyuzi haiungui bure. Mara nyingi kuna shoti mahali.

Taa za ndani zina mantiki nzuri ukishaielewa. Kwenye Toyota nyingi hizi, chanya inakaa kwenye taa muda wote kutoka DOME. Swichi ya mlango kazi yake ni kufunga upande wa hasi, yaani kuipa taa ethi (njia ya hasi kupitia chuma cha bodi) mlango ukifunguliwa. Kwa hiyo swichi ya kwenye taa yenyewe, yenye OFF, DOOR na ON, ni kipimo tosha. Ikiwaka kwenye ON lakini haiwaki kwenye DOOR, balbu ni nzima, fyuzi ni nzima, na kasoro iko upande wa milango. Isipowaka kote, anza na balbu na umeme unaoingia.

Kwenye swichi ya mlango ya aina ya kubonyea, ile yenye kofia ya mpira kwenye nguzo, kuna jambo linalowapita wengi. Mara nyingi swichi hiyo ina waya mmoja tu. Ethi yake inapita kwenye screw inayoishikilia kwenye bodi. Kofia ya mpira ikipasuka, maji ya kuosha gari yanaingia, unakuta kutu nyekundu chini ya screw na unga wa kijani kwenye kiungio cha waya. Fungua screw, vuta swichi taratibu huku umeushika waya usije ukazama ndani ya nguzo, kisha gusisha kiungio cha waya kwenye chuma safi cha bodi. Taa ikiwaka, swichi ndiyo mbovu au chini ya screw pamechafuka. Piga msasa pale screw inapokaa na ncha ya swichi, rudisha, paka grisi kidogo. Mara nyingi hakuna cha kununua. Gari ambalo swichi ya mlango imo ndani ya kitasa ni kazi nyingine, trimu ya mlango lazima ishuke.

Taa ya buti ikifa kwenye gari la mlango wa nyuma unaopanda juu, angalia mpira unaobeba nyaya kati ya bodi na mlango. Nyaya hujikunja kila unapofungua na kufunga, hatimaye zinakatika ndani ya mpira huku ganda la nje likionekana zima. Vuta waya mmoja mmoja kwa vidole: uliokatika unarefuka kama ndala. Kuunga pale pale kwenye mkunjo hakudumu. Ongeza kipande cha waya laini ili viungio vikae nje ya sehemu inayojikunja.

Ukibadilisha balbu kuwa za LED na haziwaki, zigeuze upande kabla ya kuzirudisha dukani, kwa kuwa nyingi zinajali chanya na hasi. Zikibaki na mwanga hafifu milango ikiwa imefungwa, ni mkondo mdogo unaovuja kupitia saketi ya gari, ambao balbu ya kawaida isingeuonyesha.

Sasa redio, na hapa ndipo mita inapolipa bei yake. Soketi ya Toyota yenye pini 10 ina bluu yenye mstari wa njano kwa umeme wa muda wote, kijivu kwa ACC, kahawia kwa ethi, na kijani kwa mwanga wa vitufe. Redio za kununua dukani karibu zote zina njano kwa umeme wa muda wote, nyekundu kwa ACC, nyeusi kwa ethi, na rangi ya chungwa kwa mwanga. Funguo ukiwa umechomolewa, bluu-njano isome sawa na betri na kijivu isome sifuri. Ukiweka ACC, zote mbili zisome sawa. Ukikuta njano imeungwa kwenye ACC na nyekundu kwenye umeme wa muda wote, ndiyo sababu redio inasahau stesheni. Ukikuta njano na nyekundu zimefungwa pamoja kwenye umeme wa muda wote, redio hailali kamwe na betri italalamika asubuhi. Makosa haya mawili ni ya ufungaji, na redio mpya ikifungwa vilevile itafanya vilevile.

Angalia viungio vyenyewe. Waya zilizosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi ni ugonjwa wa kudumu katika joto letu: gundi ya tepu inayeyuka, tepu inateleza, na shaba iliyo wazi inakaa milimita chache kutoka kwenye fremu ya chuma ya redio. Gari likiruka tuta, inagusa, fyuzi inaondoka. Soketi maalumu ya kubadilishia, isiyohitaji kukata nyaya za gari, ndiyo njia safi. Kama lazima kuunga, unga kwa risasi na ufunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto.

Redio inayojizima pale sauti inapopandishwa, ipime ikiwa inafanya kazi, si imezimwa. Weka mita kwenye 20, ncha nyekundu kwenye waya wa ethi wa redio, nyeusi kwenye chuma safi cha bodi, kisha pandisha sauti. Ikivuka volti 0.2, ethi ni mbovu. Ethi hiyohiyo ndiyo husababisha mluzi unaopanda na kushuka na mzunguko wa injini. Waya mnene kidogo kutoka kwenye bodi ya redio hadi kwenye bolti ya chuma iliyosafishwa humaliza mengi.

Stesheni zikikamata kwa shida baada ya kufunga redio mpya, tafuta waya wa bluu wa antena. Antena nyingi zina kikuza mawimbi kinachohitaji volti 12 kutoka kwenye redio, na mafundi wengi huuacha waya huo ukining'inia. Redio ya asili ya Japani kwa kawaida huishia karibu na 90 MHz, wakati stesheni zetu zinafika 108, kwa hiyo hufungwa kigeuza masafa. Stesheni zote zikipotea kwa mpigo huku CD inacheza, pima kama kigeuza hicho kinapata volti 12 na ethi.

Kwa betri inayokwisha usiku, mita inafaa kwa tahadhari. Hamisha waya mwekundu kwenda tundu la 10A, swichi kwenye 10A, vua terminali ya hasi na uiweke mita katikati yake na nguzo ya betri. Milango yote ihesabike imefungwa: kwa kitasa, kisukume kwa bisibisi mpaka kijifunge, na usisahau kukifyatua kabla ya kufunga mlango. Subiri kama nusu saa ili kompyuta za gari zilale. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Ukiona 0.4 hivi, waza taa ya wati 5 ya buti. Kama si hiyo na namba bado iko juu, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Usiguse funguo wakati mita iko hapo. Starta inavuta zaidi ya ampea 100, na tundu la 10A la mita hii halina fyuzi ndani, limeandikwa hivyo wazi. Ukimaliza rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo, maana kupima volti za betri waya ukiwa kwenye 10A ni kupiga shoti.

Nyota niliyoikata ni kwa ajili ya tundu hilo, na kwa nyaya zake: ni ngumu, fupi, na ncha zake hazifiki ndani ya soketi ya redio. Ongezea klipu za mamba na pini nyembamba ya kupimia kutoka nyuma ya soketi. Mita zinazofanana nayo si zote zenye mlio wa kupima waya mzima, kwa hiyo itazame alama ya sauti kwenye swichi kabla ya kulipa.

Testa nayo isiguse soketi za njano chini ya usukani wala karibu na viti. Hizo ni za mifuko ya hewa, na mkondo wa balbu unaweza kuifyatua. Nyaya za kompyuta pia zipimwe kwa mita tu.

Mita inatumia betri ya volti 9. Ikichoka, namba hupanda badala ya kushuka: ukiona betri ya gari lililozimwa tangu jana inasoma 14, badilisha ya mita kwanza.