Mfumo wa ramani wa gari langu kwenye njia za haraka za I-5, Seattle

Kwa mwaka mzima nimeutumia mfumo wa ramani uliokuja na gari langu, nikiwabeba abiria kati ya katikati ya jiji la Seattle, Marekani, na mtaa wa Northgate ulio kaskazini mwake, karibu kila siku ya kazi. Katika barabara za kawaida unanitosheleza, kwa kuwa maelekezo hutolewa mapema na rangi za foleni husomeka hata jua likiwa kali. Tatizo linaanza katika njia za haraka za barabara kuu ya I-5, yaani njia zilizotengwa kando na zile za kawaida, ambazo mwelekeo wake hugeuzwa kila siku.

Njia hizo zina urefu wa takriban kilomita 11 na hazitozwi ushuru. Siku za kazi magari huelekea kusini tangu saa 11 alfajiri hadi saa 5 asubuhi, kisha mageti hufungwa ili magari yaliyobaki yatoke, na kuanzia saa 5 na robo hadi saa 5 usiku mwelekeo huwa wa kaskazini. Mfumo wangu unaijua ratiba hii, nami nausifu kwa hilo, lakini haujui kama mageti yamefunguliwa kweli. Siku moja gari lililoharibika lilichelewesha ugeuzaji, na sauti iliendelea kunisukuma kuelekea lango lililofungwa huku abiria wangu akiitazama saa yake.

Kosa kubwa zaidi hutokea kwenye daraja la Ship Canal, ambalo I-5 hulitumia kuvuka mfereji wa meli, lililofunguliwa mwaka 1962. Daraja hilo lina ghorofa mbili: juu zipo njia nane za kawaida, na chini yake zipo nne za haraka. Kwenye ramani, barabara hizo mbili zimelaliana, na kimo ndicho kipimo ambacho setilaiti hukitoa kwa usahihi mdogo zaidi, tena saruji na chuma vya ghorofa ya juu huzuia mawimbi yasimfikie dereva aliye chini. Matokeo yake ni kwamba nikielekea kaskazini huambiwa nitoke kwenye mtaa wa NE 45th, ambako wanaotoka ni walio juu tu, ilhali njia yangu ya kutokea ni NE 42nd. Ukiikosa hiyo, itakubidi uende hadi njia ya kutokea inayofuata ndipo upate kugeuza. Dereva mgeni akiitii sauti hiyo atapunguza mwendo mahali ambapo walio nyuma yake hawatarajii, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Naamini dawa yake haihitaji chombo kipya. Kwa kuwa njia za haraka zimetengwa kwa kuta, gari lililoingia humo haliwezi kuhamia za kawaida ila kwa njia chache za kutokea zinazojulikana. Mfumo ungekumbuka tu lango nililoingilia, usingekuwa na sababu ya kubahatisha niko ghorofa gani.

Naupa nyota tatu kati ya tano. Kabla ya kuingia husoma ubao wa taa ulio langoni, na nikikaribia daraja huizima sauti mpaka nivuke.