usethis na devtools: uzoefu wangu wa kujenga kifurushi kidogo cha R cha data za makundi

Kifurushi changu kina fanksheni mbili tu, fakta_namba() na unganisha_fakta(), na bado usethis na devtools, vifurushi vya R (lugha ya programu ya takwimu) vinavyosaidia kujenga vifurushi vingine, zimenifaa kuliko kuunda faili zote kwa mkono.

Shida ambayo kifurushi changu kinatatua ni fakta, aina ya data ambayo R hutumia kuhifadhi makundi. Chukua fakta yenye "10", "25" na "5". Ukiipitisha kwenye as.numeric() moja kwa moja unapata 1, 2, 3, yaani nafasi za viwango (orodha ya majina ya makundi ndani ya fakta), na hutaona onyo lolote. Lazima upitie maandishi kwanza: as.numeric(as.character(x)). Kuunganisha nako kuna mtego. Kabla ya R 4.1.0 ya mwaka 2021, c() ya fakta mbili ilirudisha namba tupu. Ili kifurushi kifanye kazi kwenye matoleo yote, nageuza fakta zote mbili kuwa maandishi, naziunganisha, kisha naunda fakta mpya nikitaja viwango kwa union(levels(a), levels(b)). Usipovitaja, factor() hupanga kwa alfabeti, na "juu, kati, chini" hugeuka "chini, juu, kati". Grafu yako yote inavurugika hapo.

Kazi inaanza na create_package(), kisha use_r("fakta_namba") kwa kila faili. Ukibadilisha msimbo, ita load_all() ili kupakia kifurushi upya. Achana kabisa na source(): huacha nakala ya fanksheni kwenye mazingira ya kazi, nayo huifunika ile ya kifurushi, hivyo unahariri na kupakia upya huku ya zamani ndiyo inayoitwa. Onyo hutolewa, ila ni rahisi kulipita.

Kosa linalojificha kuliko yote ni kusahau @export, alama inayowekwa juu ya fanksheni ili watumiaji wa kifurushi waione. load_all() huonyesha fanksheni zote, na hata majaribio ya testthat (kifurushi cha kupima msimbo) hupita kwa sababu huendeshwa ndani ya kifurushi. Anayekisakinisha ndiye anayeambiwa fanksheni haipo. Andika mfano mmoja chini ya @examples kwa kila fanksheni ya umma, uendeshe document() inayotengeneza kurasa za msaada, na check(), ukaguzi wa kifurushi kizima, italinasa kosa hilo mapema. Kwangu hii peke yake inatosha kuvumilia check(), ingawa ni nzito kwa kifurushi cha faili mbili.

Mara ya kwanza check() italalamikia leseni. Hilo linamalizwa na use_mit_license(). Ukihitaji forcats, kifurushi cha kushughulikia fakta, use_package("forcats") huandika jina kwenye DESCRIPTION (faili ya maelezo ya kifurushi) tu, kwa hiyo ndani ya msimbo bado utaandika forcats:: kabla ya fanksheni, na library() isionekane humo.

Kwenye majaribio, linganisha levels() kwa expect_identical(), mpangilio ukiwemo. Ukilinganisha thamani peke yake, viwango vilivyopinduka vitapita bila kuonekana.