Kifo cha ubongo: sheria ya California na ile ya New Jersey
Desemba 2013, Jahi McMath, msichana wa miaka 13, alifanyiwa upasuaji wa koo mjini Oakland, katika jimbo la California, Marekani, akavuja damu nyingi, moyo ukasimama, na siku chache baadaye madaktari wakathibitisha kifo cha ubongo, yaani ubongo wote umekoma kufanya kazi na hautarejea. Kwa sheria ya California, aliyethibitishwa hivyo amekwisha kufa, hata kama kifua chake kinapanda na kushuka kwa mashine ya kupumulia na ngozi yake ingali na joto; hospitali hulazimika tu kuipa familia muda mfupi wa kukusanyika kabla ya kuzima mashine. Familia ilikataa, ikaenda mahakamani, na Januari 2014, cheti cha kifo kikiwa kimeshatolewa, ikamhamishia jimbo la New Jersey.

Huko, sheria ya 1991 hairuhusu mtu kutangazwa amekufa kwa kigezo cha ubongo kinapokiuka imani ya dini ya mgonjwa, bali husubiri moyo na pumzi vikome. Hivyo alihesabiwa hai hadi Juni 2018.

Naiona sheria ya New Jersey kuwa na utu zaidi, ijapokuwa huiachia familia miaka ya uuguzi mzito. Ile ya California ina uwazi ambao madaktari wanauhitaji, lakini humharakisha mno mzazi ambaye mtoto wake aliingia hospitali akitembea kwa miguu yake.